Mlango wa Shangazi Mannubia

Walimsikia ngamia kabla hawajamwona. Walikuwa bado kwenye ngazi nyembamba za Kisima cha Barruta, wamebanana na watu waliokuja Kairuani kwa mapumziko ya majira ya kuchipua, na juu ya vichwa vyao gurudumu la mbao lililia, likanyamaza, likalia tena. Kati ya kilio na kilio zilisikika njuga, kisha pumzi nzito ya mnyama aliyechoshwa na kazi yake.

"Baba, umetutoa Gafsa kuja kumsikiliza ngamia akilalamika?" aliuliza Rim, binti mdogo.

"Ngamia huyu ana adabu kukushinda," alijibu Bwana Tijani. "Anazunguka na hasemi."

"Amefungwa macho. Mimi nikifungwa macho nitazunguka pia."

"Tatizo lako si macho, mwanangu. Ni mdomo."

Emna, dada mkubwa, alicheka nyuma yao. Alivaa gauni la kitani la kijani na skafu nyekundu shingoni, na viatu vya turubai ambavyo mama yake, Bi Zohra, alikuwa amevilaumu tangu asubuhi. Safari ile ilikuwa yake. Mwisho wa mwezi angepanda ndege kwenda Ujerumani, kuuguza wazee wa watu katika mji wenye jina ambalo baba yake hakuweza kulitamka. Bwana Tijani alikuwa ameendesha treni za kubeba madini ya fosfeti maisha yake yote, akapita pembeni mwa nchi yake bila kushuka. Sasa amestaafu, na aliapa kwamba mwanawe hataondoka kabla hajaiona: Kairuani, Susa, Tunis, Karthago, na mwisho kabisa, wakati wa kurudi, uwanja mkubwa wa Warumi pale El Jem.

"Watakuuliza huko unatoka wapi," alimwambia. "Usiwajibu tu kwamba kwetu kuna jua."

Juu, chumba kilijaa. Watu walipokezana kikombe cha udongo. Kijana mmoja mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi kwa hasira, alikuwa akiwagawia maji binamu zake kutoka Bizerta, na mmoja wao akamsukuma kiwiko. Maji yote yakamwagikia miguu ya Emna.

"Samahani, dada. Lakini hayo ni maji ya baraka."

"Baraka imeingia kiatuni."

"Basi mguu huo utarudi Kairuani. Anayekunywa hapa lazima arudi."

"Mguu haukunywa. Umeoga."

"Kwa hiyo utarudi kuoga."

Rim alicheka mpaka ngamia akageuza shingo. Bi Zohra alimtazama kijana kuanzia viatu mpaka nywele, kama mtu anayechagua kitambaa, akatazama pembeni. Kwa Bi Zohra, hiyo ilikuwa alama nzuri.

Jina lake Wajdi, fundi wa viyoyozi, mtu wa Kairuani kwa baba na kwa babu, na hilo alilisema kabla hajaulizwa. Aliwasindikiza mpaka Msikiti Mkuu, akawaonyesha nguzo zake, kila moja ya rangi yake na kimo chake.

"Zihesabu," Rim alimwambia dada yake.

"Asizihesabu," Wajdi alidakia. "Wazee walisema anayezihesabu hupofuka."

"Na wewe unaamini?" aliuliza Bwana Tijani.

"Siamini, mzee. Lakini sijazihesabu."

Bwana Tijani alimpenda papo hapo. Walipotoka uani aliuliza ni kitu gani kingine mji huo unajivunia, na Wajdi akajibu huku akimtazama Emna kwa pembe ya jicho:

"Mikataba ya ndoa, mzee. Tangu enzi za kale, mwanamke wa Kairuani alikuwa akiandikiwa sharti: mume haongezi wa pili."

"Na ninyi wanaume mlikubali?" Emna aliuliza.

"Tungefanyaje? Tulikuwa tumeshapenda."

Emna alijifanya anafunga skafu upya. Skafu ilikuwa haijafunguka.

Tangu hapo ikawa simu. Familia ilikwenda Susa, na simu ikaenda nao. Bwana Tijani aliposimama juu ya ngome akieleza jinsi walinzi wa zamani walivyowashiana mioto kupashana habari, binti yake alikuwa chini ya ukuta, kidole kwenye sikio moja na simu kwenye jingine.

"Nimekutumia maneno. Umeyasoma?"

"Nimeyasoma. Rim kayasoma pia, kwa sauti, mbele ya muuza karanga."

Maneno yenyewe yalikuwa haya:

*Kisimani nilikwenda, maji nikayatamani,*
*Macho yako nikapenda, kiu ikabaki ndani.*

"Kiu ipi, Wajdi? Ulikunywa vikombe viwili, nilikuona."

"Wewe huna huruma hata kidogo."

"Muuza karanga ndiye mwenye huruma. Kaguna."

Wajdi alikuwa kijana mzuri, na Mungu alimpa kila kitu isipokuwa uwezo wa kusubiri mlangoni mwa mtu. Akiambiwa ngoja kidogo dukani, huondoka. Mteja akichelewa kumfungulia, hupanda pikipiki yake na kiyoyozi kikabaki kimeharibika. "Nina heshima yangu," alikuwa akimwambia mama yake, na mama yake, ambaye magoti yalimzuia kwenda mbali, alijibu, "Heshima hiyo ndiyo itakayokupikia uzeeni."

Lakini kwa Emna alilainika. Siku familia ilipofika Tunis, katika nyumba ya kale ya Shangazi Mannubia karibu na Mtaa wa Pasha, alipiga simu akasema yaliyokuwa yakimchoma.

"Usipande ndege ile ukiwa huna mtu."

"Nina watu wengi. Nina pasipoti pia."

"Emna, sitanii. Alhamisi nakuja kwa baba yako. Nijulikane kwanza, mama na wajomba watafuata Jumapili. Ukienda Ujerumani uende mchumba wa mtu. Nitakungoja mwaka, nitakungoja miwili."

Emna alisogeza pazia. Uani, shangazi alikuwa akimwagilia mlimau, na harufu ya udongo mbichi ilipanda mpaka dirishani.

"Njoo baada ya alasiri," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ila nisikilize, roho yangu. Mlango wa shangazi una pete tatu za kubishia."

"Mimi ni mtu wa Kairuani. Unanifundisha milango?"

"Nakufundisha shangazi. Ndogo ya chini ni ya watoto, iache. Pete nzito ni ya wanaume. Ikilia na ndani hamna mwanamume, shangazi hataki hata mtu akohoe. Aliachwa mjane na mabinti wanne katika nyumba hii, na hivyo ndivyo alivyowalinda. Hawafungui, hawaulizi nani. Sasa ukiona kimya, gonga ile nyembamba, ya wanawake. Nitajua ni wewe, nitakuja mwenyewe."

"Nije kuposa kwa pete ya wanawake?"

"Ni chuma tu, Wajdi."

"Babu yangu angenicheka."

"Babu yako haji kuposa. Wewe ndiye unayekuja."

Wajdi alicheka. "Haya, nitagonga."

"Niapie."

"Nimeshasema nitagonga."

Hakuapa, na Emna hakulitia maanani. Mapenzi mapya hayahesabu makombo.

Alhamisi ilifika. Bwana Tijani alivaa joho lake la hariri la rangi ya maziwa, lile la sikukuu, akakaa uani kama kadhi. Kisha akaiona sahani ambayo Shangazi Mannubia alikuwa ameiandaa.

"Biskuti za kopo?"

"Zina kasoro gani?" shangazi aliuliza.

"Kijana anatoka Kairuani, dada yangu. Anatoka kwenye mji ambao hata mtoto mchanga anajua tende inavyokaa ndani ya unga. Nimpe biskuti za kopo?"

"Mpe binti yako, keki atakula kwao."

"Naenda hapo tu na kurudi. Alasiri bado."

Akatoka, joho likimpepea, mwenye furaha kuliko mtu yeyote mjini Tunis.

Nyuma yake tu, upande wa pili wa mtaa, alitokea Wajdi. Gari lilikimbia kuliko alivyotarajia. Alivaa suti ya buluu iliyokoza, tai iliyomkaba kidogo, na mkononi alikuwa na shada la maua meupe. Mbele ya mkahawa vijana wawili walikuwa wakicheza karata, wakaacha kucheza wamtazame.

Alishika pete nzito akabisha.

Ndani, Shangazi Mannubia aliweka kidole midomoni. Bi Zohra akainua pasi kutoka kwenye nguo na kuishika hewani. Rim aliganda kwenye ngazi akiwa na kiatu kimoja. Emna alikuwa karibu kuliko wote, ameegemea ukuta wa baraza, hatua chache tu na mlango. Aliusikia ule mlio mzito ukipita kifuani mwake, akajiambia: ni mtu wa umeme, au jirani. Wajdi angegonga nyembamba.

Pete nzito ikalia tena.

Safari hii Emna alijua. Ubao wa mlango ulikuwa mnene, lakini moyo wake ulijua. Alisubiri. Sasa atagusa ile nyingine, alijiambia. Sasa hivi. Nilimweleza. Alikuwa ameshakunja pindo la gauni mkononi, tayari kukimbia.

Nje, Wajdi aliitazama pete nyembamba. Ilikuwa na umbo la mkono mdogo wa mwanamke, imelainishwa na vidole vya wanawake wa miaka mingi. Akainua mkono wake. Akaufikisha karibu.

"Kaka," aliita mmoja wa wale wa karata, "bibi harusi kalala nini?"

Mwenzake akacheka.

Mkono ukashuka. Akaishika tena ile nzito, akaipiga kwa nguvu, mara ya tatu, mlio ukazunguka mtaa mzima. Kisha kimya. Ndipo akaikumbuka adabu ya dini: mwenye kubisha mara tatu asijibiwe, na arudi. Ilimjia kwa wepesi, kama dini inavyomjia kila mtu anayetafuta ruhusa ya kufuata kiburi chake. Akageuka, akaenda zake na maua yake. Alipofika kituo cha magari alizima simu, na hakuiwasha mpaka ndege ya Emna ilipokuwa imeshatua ugenini.

Bwana Tijani alirudi na boksi la keki za lozi. Vijana wa karata ndio waliomwambia.

"Wewe na keki zako, Tijani," alisema Shangazi Mannubia.

"Ungekaa," alisema Bi Zohra. "Ungekaa tu uani, mume wangu. Mwanamume mmoja ndani ya nyumba, ndicho kilichotakiwa."

Emna alifungua mdomo. Angeweza kusema: alijua. Nilimwambia agonge nyembamba, naye hakugonga. Lakini hapo angelazimika kusema mbele ya shangazi kwamba alipanga kumfungulia mwanamume kwa siri, katika nyumba ambayo mabinti wanne walikua bila doa. Isitoshe alikuwa na hasira, na hasira ilimwambia, mwache, hakukuthamini hata kwa mlio mmoja. Akaufunga mdomo.

Baba yake aliweka boksi mezani bila kulifungua.

"Nimekuharibia, ini langu," alisema. "Nisamehe."

"Hakuna kitu, baba."

Hakuna kitu. Maneno hayo mawili yangemfuata mpaka kwenye theluji.

El Jem hawakwenda. Bwana Tijani alisema amechoka, akaliendesha gari lao kuukuu, Pijo, moja kwa moja mpaka Gafsa.

Miaka miwili ilipita. Emna alijifunza kuwaamsha wazee wa Kijerumani kwa Kijerumani chao, kuwanyoa, kuwafunga vifungo. Kila Ijumaa alizungumza na baba yake kwenye simu, na kila baada ya salamu mzee alitafuta njia ya kurudi pale pale. "Unajua, mwanangu, keki zile hazikuwa hata nzuri." Alisema hivyo akicheka. Katika harusi za jirani Bi Zohra naye alisimulia, kwa mzaha wenye mwiba, jinsi mumewe alivyompoteza mkwe kwa ajili ya lozi. Mzee alicheka na waliocheka. Kisha, kipupwe cha pili, moyo wake ulisimama akiwa bustanini, akazikwa jioni ile ile, na binti yake alifika kaburi likiwa limeshakauka.

Majira ya kuchipua Emna alirudi tena, na Bi Zohra, mwenye mavazi meupe ya ujane ambayo muda wake ulikuwa umekwisha lakini hakutaka kuyavua, akasema, "Twendeni El Jem. Tumalizie safari yake."

Rim aliendesha Pijo. Rim huyo huyo ndiye aliyekuwa amepiga simu Kairuani siku moja kabla, bila kumwambia mtu. "Kaka Wajdi," alisema, "baba amekufa. Kesho tutakuwa El Jem. Mimi sijakuambia kitu."

Upepo ulikuwa ukipita kwenye matao ya uwanja na njiwa wakipiga mbawa humo ndani. Bi Zohra alikaa kwenye jiwe la chini, lenye jua, na Rim akakaa naye. Emna alipanda peke yake. Kwenye ngazi za juu alimkuta amesimama, hana suti wala tai, shati la kazi tu lenye doa la grisi, kama mtu aliyeacha kazi katikati akaja.

"Umepungua," alisema Wajdi.

"Na wewe umefuga ndevu. Zimekukataa."

Walitabasamu wote wawili, na tabasamu halikudumu.

"Kwa nini hukufungua?"

"Kwa nini hukugonga?"

"Nilibisha mara tatu, Emna."

"Nilikusikia mara tatu. Nilikuwa nimeegemea ukuta, Wajdi. Ungeigusa tu, ungeigusa hata kwa ukucha, ningefungua."

Wajdi aliketi kwenye jiwe. Kwa miaka miwili alikuwa amejilisha picha moja: yeye mlangoni, na wao ndani wakimcheka. Picha ile ilimsaidia kulala.

"Kulikuwa na vijana mkahawani," alisema polepole. "Walinicheka. Niliinua mkono, wallahi niliinua, nikaona haya."

"Kwa wacheza karata wawili."

"Kwa wacheza karata wawili." Akafuta uso kwa mikono yote. "Nilidhani nalinda heshima yangu. Nisamehe. Nioe... niruhusu nikuoe, Emna. Nimekataa kila msichana ambaye mama alinitajia. Leo nitabisha popote. Nitabisha kwa kichwa ukitaka."

Emna alimtazama. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Unajua baba alikufa akiamini nini? Kwamba yeye ndiye aliyetuharibia. Kwamba angekuwepo ungefunguliwa. Siku ile alikwenda kukununulia wewe keki, ili usile biskuti za kopo. Mama alimlaumu. Shangazi alimlaumu. Harusini watu walimcheka. Na wewe ulikuwa unajua la kufanya, na mimi nilijua kwamba unajua, nikanyamaza. Miaka miwili, kila Ijumaa, nikamwambia hakuna kitu."

Wajdi aliinuka kutoka kwenye jiwe.

"Sijakuja kukukataa," Emna alisema. "Lakini sina mikono ya kuvalishwa pete leo. Jumapili narudi kazini. Kwanza tushuke tukamwambie mama. Wote wawili."

Walishuka. Bi Zohra aliwaona wakija, akamtazama Rim, na Rim akaanza kuchunguza kucha zake. Emna aliongea, kisha Wajdi akaongea, naye hakujificha nyuma ya neno lolote. Alitaja mkono alioinua, akataja na mkono alioushusha. Bi Zohra alisikiliza mpaka mwisho. Upepo ulimpeperusha ushungi, hakuurekebisha.

"Aliniomba msamaha," alisema baadaye. "Usiku mmoja, mwezi mmoja kabla hajafa. Nikamwambia, lala Tijani, yamepita. Sikumwambia, huna kosa. Nilikuwa sijui." Akamgeukia binti yake. "Wewe ulijua."

"Nilijua, mama."

"Hilo utalibeba, ini langu. Sina namna ya kukupokea." Lakini alimshika mkono, na hakuuachia. Kisha akamtazama Wajdi. "Na wewe, mtu wa Kairuani. Unamtaka binti yangu. Aliyekuwa na haki ya kukujibu hayupo. Mimi sikupi, wala sikunyimi. Akirudi kwa hiari yake, mtajuana."

"Nimekubali, mama."

"Usikubali upesi hivyo. Nakukumbuka ulivyo mwepesi wa kuondoka."

Maneno yale yangemfukuza Wajdi wa zamani mpaka mwisho wa barabara. Huyu alikwenda akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya watalii na watoto wa shule waliokuwa wakipita na mwalimu wao, na baadhi ya watoto wakacheka.

"Mzee Tijani hakuacha mtoto wa kiume," alisema. "Asubuhi ya Idi wanaume wa Gafsa watakwenda kuwazuru baba zao makaburini, na kwake hatasimama mtu. Mama, nitakwenda mimi. Idi hii, na ijayo, na kila Idi, Emna arudi au asirudi, aolewe nami au na mwingine. Nitamsomea, na kila nikifika nitamwambia kwa sauti, wanaozuru makaburi ya jirani wasikie, kwamba siku ile kosa lilikuwa langu."